Tuachieni ubeti wa mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika majuzi kwamba vijana wa siku hizi hawasikilizi muziki, wanauwasha tu kama feni. Kauli yake ina ukweli, ila amewaonea vijana. Mimi nina miaka 64, na nimeuwasha muziki kama feni tangu kabla hao vijana hawajazaliwa.

Ni fundi saa hapa Ngamiani, Tanga. Kibanda changu hakizidi upana wa mlango mmoja na nusu. Redio inakaa juu ya kabati la vioo, naiwasha saa mbili asubuhi nikifungua na kuizima Magharibi ikiadhiniwa. Siku betri zake zilipokwisha nikaacha kununua nyingine kwa uvivu, jirani yangu muuza vipuri vya baiskeli alichungulia saa nne akaniuliza, "Fundi, kuna msiba?" Ndivyo tulivyozoea. Kibanda kikiwa kimya watu wanapita wakidhani mwenyewe hayupo.

Kazi yenyewe siku hizi, nisidanganye, kubwa ni kubadilisha betri na mikanda. Saa ya betri haina la kumwambia fundi. Kile kipande chake cha kwatzi, yaani kijiwe kinachoongoza mwendo wake, kinatikisika mara 32,768 kwa sekunde, na sikio la binadamu halina habari nacho. Kinachosikika ni mshale kuruka mara moja kila sekunde, basi. Kazi hiyo naifanya redio ikiimba, mteja akiongea na bajaji ikipiga honi nje, na sikosei.

Lakini ikija saa ya kutia ufunguo, zile za Uswisi ambazo wazee waliostaafu reli na bandari bado wanazo, redio siipunguzi, naizima. Nyingi katika saa hizo hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde, na fundi anatakiwa asikie kama mpigo na mpigo unaofuata vimeachana sawasawa. Kipindi kimoja kikiwa kirefu na cha pili kifupi, saa inachechemea, na hata ukiisafisha ukaitia mafuta, itakuja kusimama mkononi mwa mwenyewe akiwa safarini. Zipo mashine za kupima hayo. Mimi sina. Nina sikio la kushoto.

Kwa hiyo jambo analolisema msomaji wenu lilikuwa mezani kwangu miaka yote, ila sikuwahi kulipeleka kwenye muziki. Aliyenipeleka ni bi mkubwa mmoja wa Makorora.

Alikuja wakati wa masika na saa ya mezani ya kengele, mvua ikamfungia kibandani. Nikampa kigoda. Redioni ukaingia wimbo wa taarabu ya zamani, wa hapahapa Tanga. Jina lake silijui kwa sababu watangazaji hawalitaji. Sisi nyumbani tunauita wa ndege na tundu, na wenye kuujua wameshaujua. Nikaendelea kufungua skrubu huku nikiufuatisha kwa mluzi. Bi mkubwa akainua kiganja.

"Hebu fundi, acha huo mluzi."

Nikaacha. Mvua juu ya bati, wimbo chini yake, naye kainamisha kichwa upande wa redio vilevile ninavyoiinamia saa. Ubeti wa kwanza, wa pili. Gitaa likacheza peke yake, na pale mwimbaji alipovuta pumzi aingie ubeti wa mwisho, mtangazaji akaingia yeye. Akatusalimu, akatuuliza tunaionaje siku, akasoma namba ya simu ya duka la magodoro. Wimbo ukazama.

Bi mkubwa akasonya msonyo mrefu. "Sasa huyo ndege alirudi, hakurudi?"

Nikamwambia, mama, wimbo huu nimeusikia zaidi ya mara elfu.

"Sikukuuliza mara ngapi. Alirudi?"

Sikujua. Naapa sikujua. Nilijua gitaa linapoanzia, nilijua mwimbaji anapopanda, ningeweza kuupiga mluzi wote nikiwa usingizini, na sikujua yule ndege alipata nini. Bi mkubwa akacheka mpaka kanga ikamteleza kichwani.

"Basi mwanangu, umempa kiti barazani miaka arobaini na ndani hujamkaribisha."

Akanieleza mwisho wake kwa kusema, bila kuimba. Kumbe yule mwenye kulalamika beti mbili nzima kwamba ndege kamkimbia, ubeti wa tatu anakiri kwamba mlango wa tundu aliufungua mwenyewe. Wimbo wote unageuka. Mimi miaka yote nilikuwa nikimhurumia mtu asiyestahili.

Jambo hili limenichoma kwa sababu sikulelewa hivyo. Mjomba wangu, aliyekuwa karani bandarini na mkaazi wa Chumbageni, alikuwa na gramafoni ya mpini, mali ya mama yake, na sahani kadhaa, nyingine za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Bibi huyo alisafirishwa kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sauti ikarudi kwa meli ikiwa kwenye sahani za kuvunjika kama vigae. Sahani ya namna hiyo inazunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja unabeba dakika tatu na kitu, basi. Sindano yake ni ya chuma na inalika: ilitakiwa ibadilishwe kila upande mmoja au miwili, la sivyo inaitafuna sahani. Sasa sindano ina bei, sahani ina bei, na mpini unataka mkono. Nani katika hali hiyo atapiga wimbo kisha aende zake kuoga? Tulikaa mkekani, watu wazima vitini, na ruhusa ya kukohoa ilipatikana sahani inapogeuzwa.

Ndani ya gramafoni mna kamani, ile springi inayokazwa kwa mpini, sawa na ya saa ila kubwa mno. Ikichoka kabla ya wimbo kwisha, sauti inalegea na kushuka, mwanamke anageuka mwanamume mbele ya macho yenu, na mjomba anaruka kuukamata mpini auokoe ubeti wa mwisho. Nakumbuka anavyoruka zaidi ya ninavyokumbuka nyimbo zenyewe. Kamani hiyo ilipokatika akanipa mimi niifungue, nikiwa na miaka 11. Ilifyatuka ikanichana kidole gumba. Kovu ninalo, na ufundi wangu ulianzia hapo.

Baadaye redio ikashika nyumba zote, na mji wetu wenyewe ukawa unasikika humo. Miaka ya 1960 na 1970 Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, wakaifanya taarabu kwa magitaa na besi badala ya kundi kubwa la fidla kama la Unguja. Upande wa dansi walikuwapo Jamhuri Jazz na Atomic. Bi Shakila, aliyefariki mwaka 2016, aliimba Black Star kisha Lucky Star, na mama yangu akimsikia alikuwa anaacha kukuna nazi. Mbuzi palepale, kifuu mkononi, mpaka wimbo uishe ndipo kelele ya kukuna irudi. Hakuna aliyemwita mvivu.

Nimeitaja taarabu mara nyingi na si kwa upendeleo tu. Ipo miziki inayostahimili kuachwa nyuma ya kazi, na kwa maoni yangu sehemu ile ya dansi ambapo waimbaji wanakaa pembeni magitaa yakachemka inastahimili vizuri sana, inabeba mkono. Taarabu ya zamani haistahimili. Ubeti wake una mistari mitatu, kila mstari mizani 16, nane huku na nane kule, vina katikati na vina mwishoni. Mtunzi amehesabu kila silabi kama ninavyohesabu meno ya gurudumu. Fumbo analifunga mwanzoni, ufunguo anauficha mwishoni. Mwenye kusikia ubeti mmoja na nusu anaweza kununiana na jirani yake mwezi mzima kwa jambo ambalo wimbo ulikuja kulitengua dakika moja baadaye, na Ngamiani hayo yametokea. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, ile hali ya mtu kutikiswa na muziki mpaka ajisahau. Sasa fundi anayebadilisha betri akitikisika, betri inaanguka chini ya meza.

Nisieleweke kwamba napiga vita redio za kazini. Mpwa wangu, mwalimu wa sekondari Muheza, ananiambia kwamba Uingereza wakati wa vita, mwaka 1940, redio ya BBC ilianzisha kipindi cha muziki kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, nacho kikaendelea hadi 1967. Muziki ulichaguliwa kwa uangalifu usimvute mtu akaacha mashine. Wimbo mmoja wenye makofi ulipigwa marufuku humo kwa sababu wafanyakazi walikuwa wakigonga nyundo na vyombo kuyafuata yale makofi. Nilicheka, lakini nikawaelewa. Ule ni muziki uliopimwa ili usisikilizwe, na mpishi wake alijua anachopika.

Akanisimulia pia kisa cha Mfaransa Erik Satie, aliyetunga muziki akauita wa fanicha, yaani uwepo ukumbini kama viti na meza. Mwaka 1920 Paris ulipigwa wakati wa mapumziko ya mchezo. Watu kusikia vyombo wakarudi vitini wakanyamaza kimya kwa heshima. Satie akawa anazunguka akiwasihi waongee, watembee, wasisikilize! Maskini, yeye alikosa wa kumpuuza. Angeleta muziki wake Ngamiani angefurahi.

Kinachonikera mimi ni kuchukua wimbo uliotungwa usikilizwe na kuufanya fanicha, kisha kumlaumu mtoto wa miaka 15 kwamba hana masikio. Nani alimfundisha? Mjukuu wangu alikuwa anafanya kazi za shule na simu inaimba pembeni, Bongo Fleva tupu. Nikamkuta kwenye insha ya Kiswahili kaandika neno la kwenye wimbo badala ya neno lake. Watu wa saikolojia wamelipima hilo mara nyingi: maneno ya wimbo unayoyaelewa yanagombania nafasi na maneno unayoyasoma, zaidi kuliko muziki usio na maneno. Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka nani aliyewasha redio nyumba ile kuanzia alfajiri.

Basi nikajipa adhabu. Kila Ijumaa nafunga kibanda mapema, baada ya Alasiri, nakaa chumbani na wimbo mmoja. Simu ya kupigiwa naiacha kwa mke wangu. Naupiga mara tatu: ya kwanza naufuata kama ulivyo, ya pili nashika penseli na daftari, ya tatu nayaacha maneno nafuata chombo kimoja tu, mara nyingi besi.

Ijumaa ya kwanza nilisinzia. Niseme ukweli, nilikoroma, na mke wangu akatangaza habari hiyo kwa ndugu. Ya pili mawazo yalikwenda kwenye deni la kodi ya kibanda na wimbo ukaisha bila mimi. Kukaa na wimbo ni kazi, na mtu ambaye mikono yake haijapata kukaa bure miaka arobaini hajui aiweke wapi. Sasa nashika saa mbovu isiyofunguka, naizungusha tu vidoleni.

Ijumaa ya tatu ndipo mambo yakaanza kuonekana. Katika wimbo mmoja wa dansi ninaoujua tangu utoto, mtu anakohoa. Yuko nyuma ya ngoma, kikohozi kimoja kidogo cha kujizuia, kabla tu ya tarumbeta kuingia. Kimekuwamo humo miaka hamsini. Tangu nikisikie siwezi tena kuupiga wimbo huo bila kukisubiri, na nikisubiri najiuliza walikuwa wangapi chumbani, kulikuwa na joto gani, na kama yule bwana alisemwa vibaya baadaye.

Si kila wimbo unaokaribishwa ndani una adabu, lakini. Nyimbo mbili nilizozipenda maisha yangu yote nilizikuta tupu. Ubeti wa pili ni wa kwanza umegeuzwa shati, wa tatu hakuna. Sizitaji, waimbaji wake wana watoto. Hizo nimezirudisha kibandani zibadilishe betri pamoja nami, na hapo zinafaa kabisa.

Nilisafiri kwenda Dar kwa basi hivi karibuni, kutoka stendi ya Kange, muziki juu mwanzo mpaka mwisho, spika iko juu ya kichwa changu. Tulipofika nilijaribu kutaja wimbo mmoja niliousikia kati ya Segera na Chalinze. Hakuna. Kwa hilo sina ushauri, kondakta ana sababu zake na abiria wengine walikuwa wanafurahi.

Ila kwa redio nina ombi, na ndiyo sababu ya barua hii. Kituo kile cha siku ya mvua sikitaji, maana si peke yake. Ndugu watangazaji, mna saa 24. Tangazo la magodoro lina haki yake. Lakini mkiweka wimbo wa zamani, uacheni ufike mwisho. Anayeukata ubeti wa tatu wa taarabu ni sawa na mimi kumrudishia mteja saa isiyo na akrabu ya dakika: itapiga, itapendeza, saa ngapi haijulikani. Na mtaje mtunzi. Mwimbaji tunamtambua kwa sauti. Aliyekesha akihesabu mizani ndiye anayekufa bila jina. Hata mara moja kwa wiki, wimbo mmoja, mtangazaji aseme jina lake, nani katunga, nani kaimba, kundi gani, kisha anyamaze mpaka mwisho na ahesabu mbili tatu kabla ya kufungua kinywa. Inachukua dakika sita.

Kwako wewe mhariri ombi langu ni dogo zaidi. Magazeti ya Kiswahili yamekuwa na nafasi ya mashairi tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, na wasomaji wakawa wanajibizana humo kwa tungo. Tupatie kipande cha ukurasa huo, tuwe tunaandikiana maneno ya nyimbo za zamani za Tanga, mwenye ubeti alete ubeti. Mimi daftari langu lina nyimbo sita hadi sasa. Tano zimekamilika.

Ya sita ni ya ndege na tundu. Nilirushiwa kwenye memori kadi na kijana mwenye kibanda cha nyimbo karibu na soko, nzima mpaka mwisho, ingawa imenakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka redio na inavuma kama upepo wa pwani. Mstari wa pili wa ubeti wa tatu, kodiani inaingia juu ya neno moja tu. Nimeurudia mara tisa. Mimi nasikia "kwa kisa aliondoka". Mke wangu, ambaye siku hizi Ijumaa anakuja na kikombe chake cha kahawa na hacheki tena, anasikia "kwa kiza aliondoka". Mizani ni nane kwa nane, haituamui, na neno haliko kwenye kina. Kama ni kiza, ndege aliondoka usiku mwenye tundu akiwa amelala. Kama ni kisa, kuna jambo alifanyiwa, na mwenye tundu analijua. Bi mkubwa wa Makorora alinipa maana, maneno yenyewe sikuyashika, na saa yake alimtuma mjukuu kuichukua. Mjukuu hajui hata wimbo.

Anayeujua ubeti huo, hasa kama aliupata kwa mtunzi mwenyewe, tafadhali aandike kupitia gazeti hili. Ijumaa tutakuwa tumekaa.

Fundi saa,
Ngamiani, Tanga